Kiwiko cha Mama

Unga ukikaangwa bila iliki una harufu yake. Mimi huitambua kwa mwili kabla ya pua. Majuzi nilikuwa Braamfontein, nimetoka ofisini kutafuta chochote cha kutia tumboni, nikajiunga na foleni ya watu waliokuwa wakimsubiri mama mmoja mwenye sufuria la mafuta kando ya roboti, yaani taa za barabarani. Taa zikabadilika, magari yakaondoka, upepo ukaniletea ile harufu, na mimi nikatoka kwenye foleni nikaanza kutembea. Sikujua naenda wapi. Nilipofika karibu na daraja ndipo nikasimama, nikajicheka, nikaona kwamba nimejikumbatia, kila kiganja kimefunika kiwiko cha mkono wa pili.

Ninyi mliokulia mjini hapa miaka ile, watoto wa wageni kama mimi, nanyi mna vitu vyenu. Mmoja wenu aliwahi kuniambia kwamba hawezi kuvumilia sauti ya filimbi. Mwingine halali mpaka viatu vya watoto wake wote viwe mlangoni, vimeelekea nje. Mimi ni harufu hiyo na kiwiko.

Tulikaa Bertrams, chumba kimoja katika nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao, jirani na uwanja mkubwa wa mpira. Siku za mechi kelele za goli zilitufikia kitandani. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa fundi viatu kwenye kona ya stesheni. Mama aliamka alfajiri kukaanga maandazi, akawauzia wanaoteremka kwenye treni, mdogo wangu Salimu akiwa mgongoni kwenye kanga, maana alikuwa bado ananyonya. Kwenye kona hiyo hiyo alikuwepo mpinzani wake: Gogo MaNgubane, bibi wa Kizulu (gogo ndiyo bibi kwa lugha yao), mnene, mwenye kofia ya sufu kiangazi na kipupwe, aliyekuja kwa treni kutoka Soweto na ndoo ya unga uliokandwa. Yeye alikaanga magwinya, ambayo ndiyo maandazi ya huku: makubwa, ya mviringo, hayana iliki wala nazi. Mwanzoni walinuniana. Mama alisema magwinya ni mawe yaliyovishwa mafuta. Gogo alisema maandazi ya Mama yananuka sabuni. Kisha siku moja mvua ikalizima jiko la Gogo, Mama akamsogezea sufuria lake, na tangu hapo wakaigawana siku, Mama asubuhi, Gogo mchana. Lugha hawakuwa nayo. Kizulu kilimgomea Mama kabisa, na Gogo alijua "mambo" na "haya" tu. Mkalimani nilikuwa mimi, Zaituni, niliyezaliwa huku na kucheza uani na watoto wa huku.

Kipupwe kile wageni walipoanza kushambuliwa, watu wazima walianza kunong'ona. Tulikuwa tukiingia wananyamaza, tukitoka wanaendelea. Jioni moja chumba chetu kikajaa majirani, wengine kitandani, wengine sakafuni, televisheni imewashwa bila sauti. Papa Ilunga, fundi cherehani wa Kikongo aliyekaa chumba cha juu yetu, alikuwa na habari aliyoipata kwa mteja wake.

"Banakushika hapa," akasema, ameshika kiwiko chake. "Banauliza. Hapa pakikushinda, umekwisha."

Kila mtu akashika kiwiko chake. Wakaanza kulitamka jina la kiwiko kwa Kizulu, indololwane, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa madrasa. Baba alilipata. Papa Ilunga alilipitisha puani, lakini lilipita. Mama lilimkwama. Ulimi wake uliteleza kwenye zile l, ukaangusha silabi njiani. Akajaribu, akacheka. Akajaribu tena, hakucheka. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mama Zai, chako kitakuponza."

Baba alikusudia Kizulu chake. Mimi nilisikia kiwiko. Maana Mama alikuwa na kiwiko kibaya kweli: mafuta ya moto yalimrukia zamani, yakaacha kovu lililojikunja kama utando juu ya maziwa. Neno lenyewe sikuliona shida. Kwangu lilikuwa neno kama pua, kama kijiko, na haikunipitia akilini kwamba mtu mzima angeweza kuchomewa nyumba kwa neno. Nikaelewa nilivyoweza kuelewa: kuna watu wanapita wakikagua viwiko, na mwenye kiwiko kibovu wanamchukua. Nikaenda nyuma ya pazia, nikaupinda mkono wangu mbele ya kioo. Changu kilikuwa laini. Nikafurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Maduka ya mtaa wa pili yalivunjwa mchana kweupe. Moshi uliingia chumbani ukakaa kwenye nguo. Ilisemekana wanaume wanasakwa kwanza, kwa hiyo Baba akaondoka kwenda Mayfair, kwenye msikiti ambako watu wetu walikuwa wakikusanyika. Mama alikuwa anafunga kanga na nepi ili aende na sisi wawili kwenye uwanja wa kituo cha polisi, walikokimbilia wanawake wengi. Ndipo Gogo akabisha hodi. Hakuja na ndoo yake.

"Mwambie mama yako," akaniambia kwa Kizulu, "huko anakokwenda watu wanalala nje, na baridi hii. Mwambie wewe unaongea kama sisi. Nikikuchukua hakuna atakayejua."

Nikamwambia Mama.

"Muulize, na Salimu?"

Nikamuuliza. Gogo akamgusa Salimu shavuni kwa mgongo wa kidole. "Huyu ananyonya. Atamlilia mama yake, na ukuta wangu na wa jirani ni mmoja. Mwambie anisamehe."

Nikayageuza maneno hayo kwa Kiswahili, nikiyarahisisha panapozidi uzito. Hivyo ndivyo nilivyotolewa, kwa mdomo wangu mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile ile niliyozoea kutafsiria bei ya unga. Mama hakulia. Alinivua nguo, akanipaka mafuta ya mgando mwili mzima, akakawia kwenye viwiko kwa kuwa vilikuwa vimepauka na baridi. Nikajua ananitayarisha kwa ukaguzi.

"Kule wewe ni Zanele," akasema. "Zaituni mwache hapa, nitamtunza mimi. Na Kiswahili usikiseme, mwanangu. Hata ukiota."

"Na wewe huji kwa sababu ya kiwiko?"

Akasita, mkono wake umejaa mafuta. Alidhani ninasema lile neno lililomshinda.

"Ndiyo, mama," akasema. "Kwa sababu ya kiwiko."

Nyumba ya Gogo ilikuwa ya vyumba viwili, bomba nje, na uani mti wa pichi uliopukutika majani yote. Aliishi na mjukuu wake, Lindiwe, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi kimo sana. Majirani waliambiwa kwamba mimi ni mtoto wa ukoo, nimetoka Natal kwa sababu mama yangu ni mgonjwa. Lindiwe hakuamini. Alinitazama kutoka kitanda tulicholalia pamoja, akaniuliza, "Natal kuna nini?" Nikasema kuna ng'ombe. Akaniuliza rangi zao. Nikasema kila rangi. Akageukia ukutani.

Sikuweza kutulia. Nikikaa ninasimama, nikisimama naenda getini, nikifika getini nasikiliza treni. Nilihesabu kwamba kila treni imembeba Mama mpaka ilipopita. Gogo alisema nina siafu ndani ya nguo. Alinipa kazi ili nishike kitu, nikachambua maharage, nikakunja magazeti, nikakanda unga. Na huo unga ndio ulionitesa, kwa sababu kila ulipoingia kwenye mafuta pua yangu ilingoja iliki, na iliki haikuja. Jumapili alinipeleka kanisani, nimevaa gauni la zamani la Lindiwe lenye ukosi mweupe. Mlangoni aliinama akaninong'oneza, "Wewe kaa tu karibu yangu. Mungu anajua jina lako, mimi sitamsumbua kumweleza." Watu wakaimba mpaka mabati yakatetema. Mimi nikasema bismillahi moyoni, kisha nikaogopa kwamba moyoni nako ni Kiswahili.

Kila asubuhi nilikagua viwiko vyangu. Ilikuwa kama kupiga mswaki.

Kisha nikaanguka. Lindiwe alinishindanisha kukimbia mpaka kwenye spaza, kile kiduka cha kona, na kwa kuwa miguu yangu ilikuwa ikitafuta pa kwenda siku zote hizo, nilikimbia kuliko nilivyojua. Nilikuwa mbele yake nilipojikwaa. Lami ikakichuna kiwiko cha kulia, nyama ikaonekana, changarawe ndani. Lindiwe alipiga kelele. Mimi sikulia hata kidogo. Nilishusha mkono wa sweta haraka, nikamwambia, "Ukimwambia Gogo, nitakufa." Nadhani aliogopa uso wangu, kwa sababu alinyamaza.

Nilivaa sweta lile mchana na usiku. Nilikataa kuoga, nikasema nina mafua. Sufu iligandana na kidonda, na nilipokuwa peke yangu niliibandua polepole ili nione kama kimerudi kuwa laini. Kilizidi kuwa kibaya. Kilitoa maji, kisha kikatoa harufu. Nilimfikiria Mama na kovu lake, nikaona kumbe mambo haya yanarithiwa, nami sasa nimeingia kwenye upande wake, wa watu wanaochukuliwa. Kuna wakati wazo hilo lilinipa furaha ya ajabu, kwamba huenda wanaochukuliwa wanapelekwa mahali pamoja.

Homa ikaja. Nilichokisema ndani ya homa sikukisikia. Lindiwe ndiye aliyenisimulia tukiwa wakubwa: nilimwita Mama, nikaomba maji, nikaomba kwa Kiswahili kitupu, na yeye akakimbia jikoni, "Gogo, Zanele amebadilika!" Gogo akanivua lile sweta. Ninachokumbuka ni sura yake alipokiona kidonda. Hakunigombeza. Alinifunga mgongoni kwa blanketi, mimi mkubwa vile, miguu ikining'inia, akanibeba mpaka zahanati.

Kwenye benchi ya zahanati nikaanza tena kusema. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka. "Anasema lugha gani huyu?"

"Ya homa," Gogo akajibu. "Wa kwako akiugua anasoma taarifa ya habari?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nesi aliniosha, akatoa changarawe kwa koleo dogo, akanifunga bandeji nyeupe. Alipouliza jina la mama mzazi, Gogo alitaja jina la binti yake aliyekufa, mama yake Lindiwe. Nesi alimtazama kwa muda, akaandika.

Lakini yule mwanamke wa benchi hakuwa amesahau. Siku chache baadaye, mchana, vijana walisimama getini. Mmoja alikuwa na fimbo ya gofu begani, kama mtu anayetoka mchezoni. Aliyetangulia aliitwa Bheki. Gogo alimjua tangu akitambaa.

"Gogo, tumesikia una mgeni," Bheki akasema.

"Nina mjukuu."

"Basi atusalimie."

Nilikuwa kizingitini. Lindiwe alikuwa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akanishika, vidole vyake vimeng'ang'ania gauni langu. Nikawasalimia kwa heshima kama nilivyofundishwa. Bheki akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akaunyanyua mkono wake, akashika kiwiko chake, akauliza, "Dada, hii ni nini?"

Nikajua ndio wao. Ndio wakaguzi. Nikaona hakuna faida ya kuficha kitu ambacho bandeji yake inaonekana mpaka barabarani. Nikanyoosha mkono wangu, nikamwonyesha.

"Indololwane yangu inapona, kaka," nikamwambia kwa Kizulu, nikiomba. "Nesi amesema inapona. Nilianguka tu, haikuwa hivi. Usinichukue. Ngoja ipone halafu uje uitazame tena."

Kisha mmoja wao akaguna, mwingine akacheka, na mwenye fimbo ya gofu akaishusha begani. "Eish, Bheki, huyu ni mtoto wa hapa," akasema. "Twende."

"Bado," Gogo akasema. Alikuwa amekunja mkono wa blauzi yake, kiwiko chake kinene kiko nje, amekielekeza kwa Bheki. "Umemuuliza mtoto. Niulize na mimi."

"Gogo, hapana—"

"Niulize. Mama yako alipolazwa ulikula kwangu, sikukuuliza neno lolote. Sasa niulize."

Bheki akatazama chini. Wakaondoka, wakilifunga geti nyuma yao taratibu, kama wageni wenye adabu. Gogo akabaki amesimama mpaka walipopinda kona, ndipo akaketi kwenye ngazi. Akaniita.

"Kwa nini ulimwambia asikuchukue? Nani alikwambia wanachukua watu wenye vidonda?"

Nikamweleza yote: Papa Ilunga, kioo, mafuta ya mgando, kovu la Mama. Nilieleza kwa haraka na kwa kuchanganya. Gogo alianza kucheka, akaziba mdomo kwa aproni, mabega yakaendelea kutikisika, na alipoishusha aproni uso ulikuwa umelowa.

"Mntanami, mwanangu, ni neno tu," akasema. "Wanataka kusikia neno."

"Neno tu?"

"Neno tu."

Ningepaswa kupata nafuu. Badala yake nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo na sijui kama imenitoka. Kama ni neno, kwa nini hakuna aliyemfundisha Mama? Kwa nini walicheka wakaenda kulala? Tangu siku hiyo mahangaiko yangu yakapata kazi. Nilizunguka mti wa pichi nikilikata neno vipande vinavyoingia kinywani mwa mtu wa Tanga. I. Ndo. Lo. Nilitafuta maneno yetu yanayofanana nalo, ndoo, loweka, nikayapanga kama ngazi ili ulimi wa Mama upande bila kuteleza. Lindiwe alizunguka nami. Wakati huo alikuwa anajua kila kitu, na akaacha kuniuliza kuhusu ng'ombe.

Mama akaja wakati mti umeanza kutoa maua. Nilimwona getini na Baba, amekonda, kanga imefungwa juu ya koti la mtu mwingine. Salimu hakuwa mgongoni. Alikuwa chini, anatembea, ameshika kidole chake. Waliniacha na mtoto wa kubebwa, wakarudi na mtu anayetembea. Nilikimbia, kisha nikasimama hatua chache mbele yao, na nilipofungua mdomo kikatoka Kizulu. Nilikitafuta Kiswahili nikakikosa, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi katika nyumba aliyozaliwa. Salimu alinitazama, akajificha nyuma ya koti. Mama akapiga magoti kwenye vumbi.

"Zaituni," akasema. "Si nilikwambia nitamtunza? Huyu hapa, nimekuletea."

Nikamwendea. Alinuka moshi na dawa ya kufulia, na chini yake, mbali, yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo, Gogo akiwa anapakua, nilimkalisha Mama kwenye ngazi nikaanza somo. Kiswahili kilikuwa kinarudi vipande vipande. Nikamshika kiwiko chenye kovu. "Sema ndoo. Sasa sema lo, kama loweka." Alinisikiliza kwa upole mpaka akaelewa ninalijenga neno gani. Akautoa mkono wangu.

"Hapana, Zai."

"Ni rahisi, Mama. Ni neno tu."

"Najua ni neno. Kule kwenye mahema tulikohamishiwa nimejifunza Kizulu. Maji ninajua. Mkate, mtoto anaumwa, asante, Mungu akubariki, yote ninajua. Nifundishe mengine hata mia, nitakaa hapa nijifunze. Hilo sitajifunza."

Kisha akaenda jikoni akamwambia Gogo asante, kwa Kizulu, kibaya, kila silabi imekaa upande, na Gogo akamrekebisha, na Mama akarudia, wakaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa.

Hatukurudi Bertrams. Tulipata chumba Mayfair, na baada ya miaka michache Baba akasema mji huu amemalizana nao, akaenda Tanga, akabaki huko. Mama alikataa kwenda. Kila Idi Gogo alikuja kwetu na kofia yake ya sufu, mpaka miguu ilipomgomea, ikawa sisi ndio tunaomfuata. Tulimzika mwaka jana. Kwenye kaburi nilisimama na Lindiwe mstari wa wajukuu, na hakuna aliyenihoji.

Sasa nina binti, Mwanasha, na amefikia umri wangu wa wakati ule. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Tena kuna watu wanaosimama kwenye malango ya zahanati wakitaka vitambulisho, wakiwafukuza wageni, na picha zao zinazunguka kwenye simu, na wenzangu ofisini wanasema si kitu, watapita. Labda watapita. Ila siku ile nilipotoka kwenye foleni Braamfontein, hapo hapo karibu na daraja, nilimpigia simu Lindiwe, ambaye ndiye aliyebaki na nyumba. Nilizunguka sana. Nikaulizia watoto wake, umeme, bomba. Mwisho nikasema: kama itatokea tena, utamchukua Mwanasha?

Niliweza kumsikia akivuta kiti.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Aizoee nyumba kabla."

Jumamosi nikampeleka. Hatukumwambia kitu, tulimwambia tumekuja kutembea. Lindiwe alimpa soda, akamwonyesha vyumba, mahali pa kulala, kisha akampitisha jikoni mpaka kwenye mlango wa nyuma, uliovimba kwa mvua.

"Huu haufunguki kwa mkono," akamwambia. "Unausukuma kwa bega, chini kidogo, hapa. Halafu unakimbia mpaka kwenye ukuta wa jirani, kuna tundu. Hebu jaribu."

Mwanasha akausukuma kwa bega. Mlango ukaachia kwa kishindo, naye akatokea uani kwenye jua, akakimbia mpaka ukutani, akageuka akitucheka. Aliuona ni mchezo. Akarudi ndani, akaufunga, akausukuma tena, akakimbia tena, kila mara upesi zaidi, na mimi na Lindiwe tukasimama jikoni tukimtazama, hakuna aliyemwambia aache.